Saa ya Studio

Rukiya alizileta kwa mkokoteni hadi mlangoni,
makopo matatu ya biskuti yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Picha za baba. Risiti siitaki,
ila makopo yangu mnirudishie."

Tangu Jumatatu naziingiza daftarini:
namba, mwaka kama upo, jina kama lipo.
Karani wa pamba, mkono kifuani.
Maharusi wawili wa Barani, siku mbalimbali, pazia moja.
Kijana wa Ganda, viatu vimemzidi.

Kufika picha ya arubaini nikaweka kalamu chini.
Saa ya mkononi ni ile ile,
mkanda umeungwa kwa uzi,
mishale imeganda saa kumi na dakika ishirini.
Malindi nzima imepita kwenye saa mbovu.

Nikampigia Rukiya. Akacheka hata akapaliwa.
"Ya baba hiyo! Aliyekuja mkono mtupu alivishwa,
asije akaonekana hana wakati."

Sasa sijui niiandike vipi.
Haina mwenyewe, na wenyewe nimewahesabu sitini na watatu,
wengine majina yao yameliwa na kutu ya kopo.
Nyuma ya mmoja pana neno moja tu,
kwa penseli, limekandamizwa:
*hajalipa*.

Huyo nimempa namba moja.
Amekaa kabatini mbele ya wote, kidevu juu,
saa ya watu imeng'aa mkononi.

Anayemjua na aje.
Ya deni tutayazungumza.