Esi ya Syombua

Saa tisa alasiri, kabla ya zamu,
tunaketi Kangemi kwenye madawati ya chekechea,
magoti karibu na videvu,
na Mwalimu Kwamboka anaandika ubaoni, kwa Kiingereza,
kwamba jua huchomoza mashariki,
maji huchemka yakipata moto,
watu hulala usiku.

Nikanyoosha mkono.
Mwalimu, mimi silali usiku.
Darasa likacheka, hata yeye.
Musembi, akasema, huo ni ukweli wa jumla.
Wewe si jumla.

Basi nikanakili hivyo hivyo, watu hulala usiku,
kwa kalamu ya kampuni ya ulinzi.

Huu wakati uliopo, kumbe, haumli mtu.
Mimi, wewe, sisi, wao: kitenzi kinatembea mikono mitupu.
Ila akiwa mmoja, na hayupo chumbani,
yule anayesemwa,
ndiye anayebebeshwa esi mkiani.
Na ukikanusha, esi inahama,
inashuka kwenye kitenzi, inapanda kwa msaidizi wake
kama mpangaji aliyesikia viatu vya mwenye nyumba tarehe tano.
Hapo nilielewa mara moja.
Mambo ya kuhama nayajua.

Kazi ya ziada: sentensi kumi,
mtu unayemfahamu hufanya nini kila siku.

Langoni Loresho, chini ya taa, nikaanza na mbwa,
kupasha mkono moto tu.
Mbwa hula saa kumi na mbili.
Hupenda maini, hukataa ugali.
Huogopa radi, huja kibandani, hulaza kichwa juu ya buti langu.
Mzee hukimbia alfajiri na viatu vya kijani,
hurudi akichechemea, humficha mkewe.
Kijana wao hutoroka Ijumaa, hunipa shilingi mia,
nami huwa sijaona.
Esi kila mahali, zote sahihi, ukurasa ukajaa.

Nikafungua mwingine.
Syombua, mke wangu, huishi Kathonzweni.
Esi moja. Vizuri.
Syombua hu

Kalamu ikagoma.
Alipenda uji wa wimbi, kabla ya mimba ya Mumo.
Aliimba akipepeta.
Alinishinda kwa kuhesabu.
Yote ninayoyajua yana li.
Saa kumi jioni hufanya nini? Hunywa chai na nani?
Bado hulala upande wa ukutani?
Miaka kumi na mmoja natuma pesa tarehe mbili
na simu hunijibu kwamba zimefika,
jina lake kwa herufi kubwa, yote matatu,
kama la mtu wa benki.

Saa tatu usiku nikampigia.
Jioni hufanya nini?
Nani?
Wewe.
Si ungesema.
Ndiyo hu yetu hiyo, haitaji mtu, inamfunika hadi kichwani.

Kwani umeambiwa nini, Musembi?
Sijaambiwa kitu. Ni ya shule.
Shule gani?

Nikakumbuka sikuwa nimemwambia.
Muhula mzima.

Musembi huenda shule, akasema polepole,
kama anayejaribu kiatu dukani bila nia ya kununua.
Kisha akacheka kicheko ambacho sikukijua,
kifupi, cha puani.
Akaniambia hufungia kuku, hupita kwa Mbula kutazama taarifa,
na siku hizi huvaa miwani.
Tangu lini?
Tangu mwaka juzi. Bila hiyo sioni ujumbe wa pesa zako.

Alipokata nikaandika upesi, gizani nusu,
esi mahali pake, nukta mahali pake.

Alfajiri msimamizi akaja na pikipiki,
akafungua kitabu cha matukio, akasoma kwa kidole:
saa tatu na nusu usiku, Syombua huvaa miwani.
Akaniuliza hiyo ni gari gani,
na mbona sikuandika namba yake.