Kwa Musau, Atakayefika Alhamisi

Musau, usianze na bomba la moshi.
Kila mgeni huanza nalo, hulipiga picha,
kisha huniuliza mbona halifuki kama zamani,
kana kwamba mimi ndiye niliyelizima.
Litakuwepo tu. Utaliona hata ukiwa chooni.

Anza na miguu. Vaa viatu usivyovipenda,
vumbi letu ni jekundu na halina adabu,
litarudi nawe hadi kwenu ndani ya mshono wa sanduku.
Ingia Kamalondo asubuhi,
kabla jua la Oktoba halijashikwa na hasira,
uone nyumba zilivyopangwa mgongo kwa mgongo
na Wabelgiji waliotaka kutuhesabu upesi.

Mijakaranda ya mjini, haya, itazame.
Baba yako aliichukia. Miaka mitatu alifagia maua yake
mbele ya duka la Mgiriki, naye Mgiriki mlangoni:
bado, Kisimba, bado, na pale, na pale.
Mimi huyakanyaga makusudi. Hulia pwa, pwa.
Kanyaga na wewe.

Vinkubala usivitazame usoni.
Tia pilipili, tafuna, maliza sahani,
ndipo uulize ulichokula.
Michopo mfuate Kaseya kule Katuba, yule wa kisu kifupi;
wengine hukukatia mfupa huku wakikuchekea.
Uyoga hutaupata. Nilimwambia baba yako mara ngapi,
mtoto aje Desemba, mvua ikishika,
uyoga mmoja unafunika kichwa cha anayeuuza!
Hasikii. Hajawahi.
Bukari usinunue popote. Nitasonga mwenyewe.

Ukiulizwa unashabikia timu gani, kohoa.
Jumapili usivae buluu, wala nyeusi na nyeupe.
Nimeona mwanamume mzima akivuliwa shati sokoni Kenya
(Kenya ya kwetu, si ile nchi)
kwa rangi ambayo mkewe ndiye aliyeichagua.

Umeme ukikatika, kaa ulipo.
Sikiliza jenereta zikiamka moja moja:
inayokohoa ni ya daktari wa meno,
inayokatakata ni ya kanisa,
na kimya kile kirefu, hicho ni chetu.

Jumamosi jioni nitakupeleka ng'ambo ya reli,
panapotazamana na mlima mweusi.
Si mlima. Ni taka,
kilichobaki baada ya shaba kwenda zake kwa watu.
Zamani usiku walimwaga moto juu yake,
na wekundu ule uliingia kwa dirisha letu
ukakaa ukutani kwa muda wa ukurasa mmoja.
Baba yako alisomea hapo.
Ukurasa, giza. Ukurasa, giza.
Ndiyo maana anasoma mbio vile hadi leo,
kama mtu anayeogopa kunyang'anywa kitabu.
Muulize. Atakwambia ni mazoea ya kazi.

Siku hizi hakumwagwi kitu. Tutakaa tu,
nitabeba munkoyo na vikombe viwili.

Wakikuuliza baadaye uliona nini Lubumbashi,
wambie bomba. Bomba wanalijua.

Tena, ukifika nisipokuwepo, usihangaike na ufunguo.
Mlango ni ule wa kijani. Uinue kidogo,
halafu usukume na bega la kushoto.
Ni yeye aliyeuharibu, mwaka ule anaondoka,
na mimi sikuwahi kuita fundi.