Mgeni Mwenye Siku Moja

Unasema basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili alfajiri,
na unataka kujua kipi hapa Mushvari kinafaa kuonwa.
Kaa kwanza. Chai haijaiva.

Karatasi uliyopewa mjini ina picha nne:
mnara, kanisa, maporomoko, barafu.
Aliyeichapa hajawahi kupanda huku Svaneti.
Mnara alioupiga picha ni wa kijiji cha pili,
na watu wa kule wanatucheka hadi leo.

Wetu ni huu, nyuma ya zizi.
Mlango uko juu, kimo cha watu watatu,
maana walioujenga walikuwa na madeni ya damu
na waliona heri kuvuta ngazi ndani kuliko kuomba radhi.
Panda. Kipago cha tatu kimeoza, kiruke.
Usitafute hazina: kuna vitunguu vya mume wangu,
tandiko la farasi aliyekwisha kufa,
na tundu la kuchungulia, upana wa ngumi,
linalomeza bonde zima.

Kanisani, anza na ufunguo.
Anao Bekhani, nyumba ya bati la buluu.
Atakuambia umepotea. Muulize hali ya ng'ombe wake mwekundu.
Ukishasikia habari za kwato, zote, na za mganga wa mifugo,
ufunguo utaonekana mfukoni mwake.
Ndani usiwashe taa ya simu.
Ngoja macho yazoee giza,
watakatifu watajitokeza ukutani mmojammoja
kama watu walioamshwa usiku kuja kuona nani kabisha hodi.
Mmoja hana uso.
Bibi zetu walimkwangua kidogokidogo,
wakakoroga unga wake na maji, wakawanywesha wagonjwa.
Wataalamu walikuja na brashi zao wakitaka kumrudishia sura.
Tulikataa. Uso wake
umo ndani yetu.

Maporomoko ni maji yanayoanguka. Ukiwa na muda.

Barafu ni mwendo wa saa tatu, na mbwa wa wachungaji
hawaumi ukiinama kama unayeokota jiwe.
Wenzako hupiga picha ule weupe, wakageuka.
Wewe tazama miamba ya kando: ina mistari ya rangi nyekundu.
Shemeji yangu Jokia huchora mmoja kila Agosti,
pale barafu inapoishia.
Kwenye mstari wa kwanza niliegemea barafu kwa mgongo,
nikiwa na mimba ya Gela.
Simama hapo leo, nyoosha mkono.
Utashika upepo.

Njiani kurudi, chini ya barabara,
kuna konde lenye nyasi nzuri asiyelisha mtu.
Halimo kwenye karatasi yako.
Husemwa milima haikutani.
Hapa ilikutana, usiku mmoja wa Februari,
nami nina miaka tisa,
na kilichokuwa katikati yake ni nyumba saba.
Theluji haikupiga kelele kama wanavyodhani watu.
Ilivuta pumzi tu.
Asubuhi tuliita majina kwa vijiti virefu,
tukichoma, tukisikiliza,
tukichoma.
Umebaki mtofaa wa shangazi Tsiuri.
Ukipita, chuma tunda moja. Ni chachu, litakukunja uso.
Lakini limalize.

Haya, chai hii.
Na hii chumvi yetu, usiidharau kwa rangi yake:
nimeitwanga mwenyewe na kitunguu saumu, uwatu wa mlimani,
na ua la manjano ambalo jina lake silijui kwa lugha yako.
Nitakufungia kidogo kwenye gazeti.
Nguo zako zitanuka Mushvari mwezi mzima,
na forodhani watakuuliza maswali.

Usiangalie saa.
Dereva wa basi ndiye huyo Gela wangu,
amelala chumba cha pili, unamsikia anavyokoroma,
na tangu azaliwe hajaondoka nyumba hii
kabla hajala.