Mizani ya Alhamisi

Runinga ya Bi Esha Likwata ililetwa Jumatatu,
imefungwa khanga, imepakatwa kwenye bodaboda
kama mgonjwa anayewahishwa Mkomaindo.
"Picha inayo," alisema, "sauti ndiyo haina.
Alhamisi nataka iwe imepona."

Alhamisi, saa tatu usiku, bado nimo tumboni mwake,
bisibisi mdomoni, risasi inafuka moshi.
Mbele ya meza yangu, hapa Masasi, nyuma ya stendi,
wamekaa wale wale:
Hokororo, kastaafu ualimu, chaki imebaki kwenye kauli;
Mtalika wa pampu za salfa;
na Somoe wa maandazi, ambaye leo hauzi,
amekuja kusikiliza.
Asikilize nini? Kioo kimejaa midomo.

Meza ya duara. Glasi nne za maji, hakuna anayekunywa.
Mchambuzi wa kwanza ana tai nyekundu na kidole kirefu.
Neno KOROSHO limepita chini, mbio,
kama mtu anayemkwepa mdai wake.

"Anasema nini?"
Ngojeni, nikasema, kuna waya umeachia.

Mtalika hakungoja. Akamkopesha yule bwana koo lake:
"Ndugu watazamaji, gunia langu nyumbani lilikuwa kilo themanini,
ghalani likafika na sabini na nane.
Na njiani halikushuka kukojoa."

Tukacheka. Tai nyekundu ikatikisa kichwa, imekubali.

Somoe akamchukua mama mwenye miwani:
"Naomba nijibu swali ambalo sijaulizwa."
Mwalimu akawa mwendesha kipindi:
"Dakika moja, dakika moja, usimkate mwenzio!"
na wallahi mikono ya yule kwenye kioo ikapanda palepale.

Ila kulikuwa na kijana, mwisho wa meza,
koti limempwaya mabegani.
Alifungua mdomo mara tatu,
mara tatu kamera ikageukia kwingine.
Huyo hatukumpa sauti. Sijui kwa nini.
Hata Mtalika alinyamaza.
"Wa kwetu huyo," akasema Mwalimu taratibu.
"Namjua kwa anavyongoja."

Ndipo ncha ya waya ikagusa spika,
sauti ikaruka kama kuku aliyekanyagwa:
"...na kwa hayo machache, muda hauko upande wetu..."
Ngoma. Tangazo la sabuni.

Hakuna aliyeinuka.
"Zima hiyo," Somoe akasema, "sisi hatujamaliza."
Tukaendelea mpaka mlinzi wa stendi akaja na tochi,
akauliza kuna nini, akaambiwa, akavuta ndoo akakaa.

Ijumaa nimemwandikia Bi Esha karatasi:
Spika moja, elfu kumi na mbili. Waya, bure.
Picha: nzima. Sauti: nzima, ila inachelewa.
Malipo? Andika, akasema, baada ya mnada wa pili.

Nimeandika: mnada wa pili.
Tarehe nimeiacha wazi.