Hapa Hapana Bati

Fundi Nyawa hakupanda na brashi.
Alipanda na nyundo, akaigeuza,
akaligonga paa kwa mpini
kama daktari agongaye kifua cha mvuta sigara,
na sisi chini uani, shingo zimepinda,
tukasikia: ko, ko, ko,
kisha fu.
Kisha fu tena.
Kisha kimya, na vumbi jekundu
likatua juu ya kanga za mama zilizoanikwa.

"Ndoo ngapi?" akauliza kaka yangu Twaha,
pesa ya ndoo mbili i mfukoni tayari,
Zuena ameituma jana kutoka Doha.
Ile dawa nyeupe, nzito kama mtindi,
inayouzwa Mwembe Tayari kwa maneno mengi:
huzuia kutu, hupoza nyumba, huziba tundu,
miaka kumi, mkebe umeandikwa.

Fundi akashuka ngazi taratibu,
akajifuta mikono kwenye suruali.
"Rangi hushika bati," alisema.
"Hapa hapana bati.
Pana kutu iliyozoea kuitwa bati."

Nisiseme uongo, rangi ina siku zake.
Jiko la uani tulilipaka bati likingali na nguvu,
na hadi leo mvua hupita juu yake ikisalimu tu.
Lakini nguo humsitiri mwenye mwili;
mifupa huivishi kanzu.

Paa la nyumba kubwa tumelivisha mara tatu.
Nyekundu, mwaka niliozaliwa.
Lami, baada ya ile mvua ya Elnino
iliyoingia ndani ikalala kitandani mwa nyanya.
Ya fedha, juma la arusi ya Zuena,
kwa kuwa zamani paa lilionwa na kunguru na Mola,
sasa huamka nalo jirani wa ghorofa ya tano
akipiga mswaki dirishani.
Liling'aa, wallahi. Wageni walisifu.
Hina ya bi arusi haijafifia
tone la kwanza likagonga sinia.

Wahenga walisema ziba ufa.
Hawakusema mara ngapi.

Twaha barazani, na karatasi:
bati arobaini na mbili, geji ishirini na nane,
papi, misumari ya kofia, ujira wa siku nne.
Akaifuta jumla kwa kidole
kana kwamba kosa ni la kalamu.
"Tupake mwaka huu tu," akasema.

Mama alikuwa akikung'uta kanga.
"Mwaka huu tu," akasema, "ndilo neno la baba yako,
lami imemfika viwikoni.
Nimelala chini ya mwaka huu tu
miaka thelathini na minane."

Wenzake wa chama wakampisha zamu.
Pesa ikatosha upande mmoja.

Tulipoufungua, bati lilivunjika mkononi kama kachiri.
Nikashika kipande: fedha, lami, nyekundu,
na chini yake hapana kitu.
Rangi tatu zimeshikana zenyewe kwa zenyewe
kama jamaa wasiolizungumzia jambo.
Papi zimebaki maganda.
Mchwa hawasomi mkebe.

Siku hiyo chumba cha mama hakikuwa na dari wala paa.
Akatandika kitanda vile vile, akanyoosha shuka.
Jirani wa ghorofa ya tano akampungia mkono,
naye akapunga.

Sasa nyumba yetu ina mvua mbili.
Upande mpya hupiga kelele,
utadhani mtu kamwaga vijiko.
Upande wa zamani hunong'ona,
maana Twaha naye alipata ndoo yake moja,
na fundi aliipaka bila ubishi, akasema tu:
"Hii ni ya kuomba muda. Deni liko pale pale."

Jana usiku ilinyesha.
Nikaingia kwa mama na tochi ya simu.
Sakafu kavu.
Na sufuria ipo, pale pale ilipokuwa ikikaa,
na mama yu macho, kajiegemeza mtoni,
anasikiliza sufuria inavyonyamaza.