Andika Ulichokiona

Barrow, mji wa nyambizi. Babu alichomelea vyuma,
baba anachomelea vyuma,
na kila siku saa moja kasorobo asubuhi
geti la yadi linameza nusu ya mtaa wetu.
Mimi napanda baiskeli, navuka daraja la Walney,
upepo umenikaba kifuani kama mtu anayenidai,
naelekea kwenye viti vinavyonifika magotini.

Siku ya kwanza walidhani nimekuja kutengeneza boila.
Dada wa mapokezi akanionyesha stoo.
Nikasema, mimi Kian, ndiye mwanafunzi.
Akasema, aa.
Aliivuta ile "aa" hadi simu ikamwokoa.

Chuoni Bi Gaskarth, sauti kavu kama biskuti,
alitugawia madaftari na sheria moja:
Andika ulichokiona. Usiandike ulichokidhania.

Basi:
Saa tatu na dakika kumi. Mtoto T., miaka miwili na miezi minne,
amepanga matofali sita. La saba limeanguka.
Amelitazama. Ametazama dari
kana kwamba
(nimefuta "kana kwamba").
Amelirudisha.

Saa nne. Mtoto O. amemng'ata mtoto H. begani.
Mtoto H. amelia. Mtoto O. amelia zaidi.

Saa tano kasoro dakika tano. Nepi.
Mkono umenyewa. Haukukatwa.
Umenawa, umejifuta, umerudi kwenye mchanga.

Daftari halina nafasi ya mambo mengine:
kwamba mama yake O. aliomba, kwa upole, akivitazama viatu vyangu,
mwanawe asibadilishwe na mimi.
Meneja akajibu kwamba hapa kila mfanyakazi hubadilisha,
mlango ukiwa wazi,
na kama hilo halimfai, kuna kituo kingine Dalton.
Niliyasikia nikiwa nyuma ya makoti,
nimeshika koti la mvua la kijani, dogo,
lenye sura ya chura na masikio mawili.
Chura hana masikio.
Nililishikilia wazo hilo mpaka wakamaliza.

Zofia wiki tano hajatamka neno.
Jumanne alinijia na kiatu, akakitua pajani mwangu,
akaketi amenipa kisogo, mguu mbele.
Nikamvalisha. Akavua. Akaniletea tena.
Mara kumi na moja.
Nilihesabu, maana kuhesabu kunaruhusiwa.

Baba hajaniuliza kitu tangu Septemba.
Karakanani wanamtania: mwanao siku hizi yaya?
Hilo nililisikia kwa binamu yangu Jez.
Yeye mwenyewe hula, huosha sahani yake, hupanda ngazi.

Ijumaa nilirudi na kiti begani,
cha mbao, mguu mmoja umelegea.
Meneja alisema kitupwe. Sikuweza.
Nikakiacha ukumbini, nikalala.

Haya yako kwenye ukurasa ambao Bi Gaskarth hatausoma:

Baba, miaka hamsini na mitatu.
Saa kumi na moja alfajiri. Yuko sakafuni jikoni,
miwani ya kusomea puani, gundi, bisibisi.
Amekaza. Amefuta gundi iliyozidi kwa kidole gumba.
Amekibonyeza kiti kwa kiganja, kona moja, kona nyingine.
Kisha amekikalia,
mwanamume wa kilo mia moja na tano,
magoti karibu na masikio.
Hajaniona mlangoni.
Ametulia hapo kitambo
akilitazama friji kutoka chini,
akizitazama droo, mikono ya droo, juu kabisa.

Niliandika "ananipenda". Nikafuta.
Niliandika "anajivunia". Nikafuta,
karatasi ikatoboka.

Kiti hakiyumbi.

Jumatatu nilikifunga nyuma ya baiskeli.
Darajani upepo ulikishika, ukakivuta, ukakiachia.
Zofia alikuwa mlangoni, mguu mmoja soksi tupu,
amenyoosha mkono.