Kipimo cha Januari

Nimepanda na daftari lako, baba,
lenye penseli iliyofungwa kwa uzi,
na mtindi kwenye chupa
ulioganda kabla sijafika kibandani.
Milima ya Balkani leo haina adabu:
upepo unakuvua kofia bila hodi.

Nilifuata alama zako za rangi,
nyeupe, nyekundu, nyeupe,
kwenye magome ya misonobari.
Ya saba umeipaka juu mno. Nilicheka.
Ulisimama juu ya theluji ya mwaka gani
hata mkono wako ukafika pale?

Lyuben Gatev, mpima maji wa hifadhi,
miaka thelathini na mmoja,
kiziwi tangu homa ya utotoni.
Ndiyo maana walikupa kazi, wale wa ofisi ya bondeni:
Kelele za maporomoko hazitamsumbua.
Wakacheka. Ukachukua funguo.

Nikakuuliza siku moja, kwa vidole,
nina miaka tisa, pua inavuja:
maji yanasemaje?
Ukanishika kiganja, ukakibandika mwambani,
kando kidogo ya pale povu linapoangukia,
na mtetemo ukanipanda hadi magegoni.
Ulinitazama usoni mpaka ukaona kwamba nimesikia.

Leo yamesimama.
Mita arobaini za maji, kimya, zimening'inia
kama shati lililosahauliwa kwenye kamba usiku wa baridi,
likaganda na mabega ya mwenyewe.
Kijiti cha kupimia kimezikwa hadi shingoni.
Shangazi Ruska alinionya: usiende,
huko sasa hakuna cha kupima.

Nimevua glavu.
Barafu inauma kama mbwa asiyekujua.
Nahesabu. Nafika kumi na tisa,
vidole vinakufa kimoja kimoja,
halafu, hapo, ndani kabisa,
kitu chembamba,
mshipa kwenye shingo ya mtoto aliyelala.

Nimerudisha kurasa nyuma
nione Januari zako uliziandikaje.
Mwaka baada ya mwaka safu ya vipimo tupu,
na kwenye safu ya maoni,
mwandiko ule ule uliolalia kushoto:
Yapo.

Vidole vimeikataa penseli.
Nimeishika kwa ngumi, kama mtoto wa chekechea,
nikaandika chini ya neno lako.
Mstari umepinda.
Unasomeka.